Kobe Aliyepakwa Rangi ya Viatu

Fundi Mdogo alikuwa na miaka arobaini na sita, mvi tatu nne juu ya sikio, na vidole vilivyokuwa vikifungua kopo la gundi bila bisibisi, lakini watu waliendelea kumwita Fundi Mdogo. Fundi Mkubwa alikuwa baba yake. Mzee hakuwa ameshona kiatu kwa miaka minne, tangu mikono yake ianze kutetemeka, na hata hivyo mteja akiingia na kiatu kilichoachama mdomo humwonyesha yeye kwanza. Mzee hutikisa kichwa kwa uzito, kisha kiatu kinateremka hadi kwa binti. Kazi ya mmoja, sifa za mwingine. Ndivyo dunia ilivyo, na asiyeipenda aitafute nyingine.

Yeye hakuipenda, na hakutafuta nyingine. Alibaki hapo hapo akabishana nayo.

Alianza kubishana akiwa na miaka kumi na mitatu, aliposema anataka kujifunza ushonaji. Mzee akacheka, akasema msharasi ni chuma cha kutobolea ngozi ya ng'ombe, si sindano ya kutarizi, na akamkabidhi ufagio. Aliyeketishwa kwenye kigoda cha kujifunza ni kaka yake. Kaka alijitoboa kidole siku ya pili, akalia mpaka wateja wakasikia, na tangu hapo akaipenda shule kwa moyo wote. Leo ana kazi ya ofisini na kiti kinachozunguka. Binti alifagia, na vipande vya ngozi alivyofagia hakuvitupa. Alivishona nyuma ya pipa la takataka kwa msharasi uliovunjika ncha, akatoa jozi moja ya ndara, akaiweka rafuni katikati ya nyingine bila kusema neno. Mteja akaja, akaijaribu, akaondoka nayo miguuni huku akimsifu mzee kwa mkono wake mzuri. Mzee alimtazama binti, na kesho yake binti akajiketisha mwenyewe kwenye kigoda. Maji yakimwagika hayazoleki.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mbele wa barabarani, dirisha moja la kioo kisichofunguka, na mlango mwembamba wa nyuma uliotokea kwenye kiwanja kidogo kilichojaa makreti yaliyovunjika na soli za kale. Taa iliwaka mchana kutwa. Chini ya meza ya kazi, ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa mabaki ya ngozi, aliishi kobe aitwaye Kisigino.

Aliletwa na mteja mmoja aliyekuwa akihama mji, ndani ya boksi la viatu, miaka tisa iliyopita. Wakati huo alikuwa saizi ya kisigino cha kiatu cha mtoto, ndipo jina lilipotoka. Mzee alimpenda papo hapo. Akampa mkate uliolowekwa kwenye maziwa, akampa wali, akampa biskuti siku za furaha. Na kila Jumamosi, baada ya kufunga hesabu za wiki kichwani, alimweka juu ya goti, akachovya kitambaa kwenye rangi ya viatu ya kahawia, akampaka gamba lote, kisha akamsugua kwa brashi mpaka akang'aa. Wateja walimshangaa kobe huyo mithili ya kiatu cha harusi. Walisema hawajaona kobe anayependwa namna hii, na walisema kweli. Kila mtu hupenda kwa kile anachokijua, na mzee alijua rangi ya viatu.

Mikono ilipoanza kutetemeka, msharasi ukamtoka, kisu kikamtoka, hata sindano ikamkataa. Brashi peke yake ndiyo haikumkataa, kwa sababu mtetemo hauharibu kusugua. Hiyo ya Jumamosi ikawa ndiyo kazi yake pekee iliyobaki duniani, na Fundi Mdogo alilijua hilo vizuri. Kumbuka hapo, maana ndipo ugumu wote ulipo.

Asubuhi moja alikuwa akifagia chini ya meza, akamwinua Kisigino ili alitoe sanduku, na kidole gumba chake kikazama.

Hakikuzama sana. Ni kule kubonyea kidogo tu, jinsi ngozi mbichi inavyobonyea kabla haijakaushwa. Mtu mwingine asingeona. Lakini mwanamke huyu alikuwa amepima ngozi kwa kidole gumba kwa miaka thelathini na zaidi, na alijua kwamba kitu kilichotakiwa kuwa kigumu kilikuwa laini. Akampeleka mlangoni penye mwanga, akamtazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mgongo ulikuwa umefura vilima vilima. Mdomo wa juu umerefuka kama ukucha uliosahauliwa. Miguu ya nyuma ilikuwa inaburutwa. Na ukubwa wake, miaka tisa hiyo yote, haukuwa umefika hata ule wa ndara ya mtoto anayeanza kutembea. Walikuwa wakisema kobe hukua polepole. Walikuwa wakisema hivyo ili wasimtazame.

Alimfunga kwenye kitambaa cha bitana, akafunga karakana, akaenda kwa daktari wa mifugo. Kwenye benchi la kungojea palikuwa na bibi mwenye kuku na bwana mmoja mwenye mbwa. Yule bwana alichungulia kitambaa, akauliza kama kobe naye huumwa, maana yeye alidhani kobe huzaliwa akiwa tayari ndani ya jeneza lake. Fundi Mdogo akamuuliza, je, aliyeletwa kutibiwa ni mbwa, au ni mwenye mbwa. Bibi wa kuku alicheka mpaka kuku akashtuka.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alimgeuza Kisigino, akamkuna mgongoni kwa ukucha, akautazama ukucha.

"Mama, hii ni nini?"

"Rangi ya viatu."

Daktari aliufuta ukucha kwa pamba. Fundi Mdogo akaongeza kuwa ni ya kahawia, kana kwamba hilo lingesaidia.

Kisha maswali yakafuata, na kila jibu lilimchoma anayelitoa. Anakula nini? Mkate na maziwa. Analala wapi? Chini ya meza. Jua je? Kuna taa. Daktari akamweleza bila kumzungusha kwamba mnyama wa jua na majani alifugwa gizani kwa chakula cha watoto wa mjini, mifupa yake haikupata cha kujengea, na juu ya hayo gamba likazibwa kwa nta na mafuta kila wiki. Ametumia miaka tisa kutokufa tu. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba amechelewa sana, na kwamba iko sindano moja isiyo na maumivu.

"Daktari," Fundi Mdogo alisema, "sikuja kuuliza anakufaje. Nimekuja kuuliza anaishije."

Daktari alimtazama, akavuta karatasi, akaandika pande mbili. Alipomaliza alionya kitu kimoja: hivyo vilima vya mgongoni havitaondoka kamwe. Lililopinda limepinda. Kitakachoota kuanzia leo ndicho kinaweza kuota sawasawa.

Jumamosi ikafika. Mzee akaketi, akapiga goti lake mara mbili kama kawaida, akanyoosha mkono kwenye rafu.

"Rangi yangu iko wapi?"

"Nimeiondoa, Baba. Inamdhuru."

Alimweleza yote aliyoambiwa, polepole, kwa heshima, na mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miaka tisa nimemtunza."

"Miaka tisa amekuvumilia."

Neno lilikuwa kali kuliko alivyokusudia. Aliona uso wa baba yake ukikunjamana, akaumia, maumivu halisi ya kifuani, kwa sababu alijua anamnyang'anya mzee kazi ya mwisho mkononi. Lakini hakulirudisha. Angelirudisha, brashi ingerudi nalo.

Tangu siku hiyo mzee hakusema naye. Aliketi pale pale kwenye kiti chake, akasema na ukuta, akasema na wateja, na akiwa na haja na binti yake alimtuma mteja. "Hebu mwambie huyo fundi chai imepoa." Mteja, kiatu mkononi, alilazimika kumwambia mtu aliyeketi hatua mbili kutoka hapo kwamba chai imepoa. Kaka akaja Jumapili katika shati lake lililopigwa pasi, akamkalisha dada yake chini, akamuuliza kama haoni aibu kumnyanyasa mzee kwa ajili ya kobe. Sikio la kufa halisikii dawa, alisema. Mnyama huyo anakufa, mwache mzee afurahi. Fundi Mdogo alimwambia kwamba yeye ndiye aliyekimbia msharasi kwa tone moja la damu, kwa hiyo habari za kukata tamaa anazijua vizuri, hana haja ya kumfundisha mtu.

Kazi ikaanza. Kila asubuhi kabla ya kufungua, Kisigino aliwekwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu yasiyozidi kidevu, kwa robo saa, akinywa na kuloweka. Rangi aliitoa kwa mswaki laini, kidogo leo, kidogo kesho. Mwenye duka la jirani alimshauri atumie mafuta ya taa, itatoka mara moja, naye akamshukuru, akamwambia ajaribu kwanza kwenye mgongo wake mwenyewe. Maganda ya mayai aliyachemsha, akayakausha, akayasaga kwa nyundo ya soli mpaka yakawa unga, akanyunyizia juu ya majani.

Majani, Kisigino akayakataa. Siku ya kwanza aliugeuzia mgongo mchunga, lile gugu chungu la kando ya njia. Siku ya tatu aliukanyaga. Siku ya sita Fundi Mdogo alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana, mteja amesimama anangoja, anambembeleza kobe kwa ua la waridi. Nyuma yake mzee alimwambia ukuta kwamba wako watu wanaoua kwa njaa na kuiita tiba. Siku ya nane aliona kitu cheupe pembeni mwa mdomo wa Kisigino. Alikitoa kwa kucha. Ulikuwa mkate wenye maziwa.

Hakupiga kelele. Alimbeba kobe mpaka kwenye kiti cha mzee, akakishika kile kidole gumba cha baba yake kinachotetemeka, akakiweka juu ya gamba.

"Bonyeza, Baba."

Mzee hakutaka. Akabonyeza. Kidole hicho kilichagua ngozi kwa miaka hamsini, kilikataa ngozi ambazo wauzaji waliapa kuwa ni nzuri, na hakikuwahi kumdanganya mwenyewe. Mzee aliurudisha mkono wake mapajani, akaukunja, akautazama. Mkate haukuonekana tena, na siku ya kumi Kisigino, kwa hasira iliyoonekana wazi, aliuma jani la mchunga, akaling'ang'ania, akalimaliza.

Fundi Mdogo naye alikosea, tusimfanye malaika. Ili apate jua, alimweka dirishani nyuma ya kile kioo, kila siku kwa muda wa saa tatu, wiki tano nzima. Mwanga ulikuwa tele, na hakuna kilichobadilika. Aliporudi kwa daktari aliambiwa kwamba kioo hupitisha mwanga na joto, lakini hilo hasa analolihitaji kobe kutoka kwenye jua hubaki nje. Alitoka pale amejikasirikia mpaka machozi yakamtoka njiani. Wiki tano. Alifika, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kutupa makreti.

Kiwanja alikisafisha kwa asubuhi nne. Akaleta udongo, akazungushia mbao, akajenga kibanda cha kivuli upande mmoja, akapanda nyasi na mchunga. Majirani walipita wakichungulia. Watu wote wanang'oa magugu, walisema, huyu anayamwagilia. Aliwajibu kwamba wakiyang'oa yao wasiyatupe, wamletee. Na wakamletea, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa kuzoea.

Alimpima jinsi alivyojua. Kila mwezi ulipoandama alimsimamisha juu ya kadibodi ya soli ya ndani, akamzungushia penseli kama anavyozungushia mguu wa mteja, akakata, akaandika mwezi, akatundika kwenye msumari. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu: vipande vitatu vilivyolingana kama vya jozi moja. Mwingine angevunjika moyo. Kuna siku naye alivunjika, akakaa juu ya ndoo kule nyuma akajiuliza anapigania nini. Halafu akainuka, maana maji ya beseni yalikuwa yanapoa.

Mwezi wa tano alirudi kutoka kununua uzi, akamkuta mzee ameshusha kadibodi zote, amezipanga moja juu ya nyingine, anapitisha kucha yake ukingoni. Alipitisha mara moja. Akapitisha tena. Kisha akasema, si kwa ukuta, si kwa mteja:

"Hii ya mwezi huu imezidi."

Fundi Mdogo aliweka mfuko chini taratibu. "Imezidi kiasi gani?"

"Unene wa uzi wa nta. Uzi mmoja."

Wote wawili walijua uzi mmoja ni nini. Ni tofauti ya kiatu kinachobana na kiatu kinachovaliwa. Na kweli, alipomtazama Kisigino juani, kati ya vile vilima palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya maziwa, mpya, sawasawa, na mgumu.

Sasa, kiwanja kichafu hakina mwenyewe, lakini kikisafishwa wenyewe huota kama uyoga. Kaka alinunua gari. Gari hilo lilikuwa likisimama barabarani na rangi yake, alilalamika, itapaushwa na jua. Akaja kuchungulia nyuma ya karakana, akaona mahali pamesafishwa vizuri, akapima kwa hatua zake. Patatosha. Saruji chini, mabati juu, gari ndani. Alipoambiwa hapana, alitabasamu, akasema alikwisha kumwomba Baba mahali hapo miezi ile ya mwanzo, gari likiwa bado ni mpango tu, na Baba alikubali. Hilo lilikuwa kweli. Mzee alikuwa na hasira wakati ule, angekubali hata karakana ivunjwe.

Jumanne asubuhi kaka alifika na mwashi, koleo, na mifuko mitatu ya saruji. Fundi Mdogo alikuwa ameshafika kabla yao. Alikuwa ameketi juu ya kigoda katikati ya kiwanja, kiatu cha mteja katikati ya magoti, nyundo na misumari midogo mbele yake, anashona. Kisigino alikuwa karibu na mguu wake, ameutandaza mwili wote juani. Mwashi aliangalia, akaegemea koleo lake. Alikuwa mtu mzima, aliujua ugomvi wa nyumba za watu.

"Dada, usituaibishe mbele ya fundi," kaka alisema. "Ni kobe."

"Gari lako likikaa juani litapauka, Kaka. Huyu akikosa jua atakufa. Mwambie fundi amwage saruji, lakini mimi sinyanyuki, na kiatu hiki mwenyewe anakitaka saa sita."

Kaka alimbembeleza, akamtisha, akamkumbusha nani mzaliwa wa kwanza. Yeye alichoma msharasi, akavuta uzi, akachoma tena. Lakini alijua nyumba ilikuwa ya mzee, neno lilikuwa la mzee, na neno lenyewe lilikwisha kutolewa. Kama Baba angesema ondoka, asingekuwa na pa kusimama. Kaka naye alilijua hilo. Akageukia mlango akaita: "Baba, hebu njoo umwambie mwanao."

Mzee alitoka akishika ukuta. Ilimchukua muda. Aliwatazama wote, kisha akamtazama kobe, kwa muda mrefu kuliko wote.

"Nilikubali," alisema. "Nilikubali kwa hasira, na leo nalivunja neno langu, mtanisamehe." Akamwelekezea kobe kidole. "Huyu nilimfungia gizani nikawa namng'arisha, watu wanisifu. Na dada yako nilimfungia humo humo, nikaona panamtosha."

Msharasi ulisimama nusu ndani ya ngozi. Fundi Mdogo aliuchomoa kwa hasira, kwa sababu hakuwa ameomba kuhurumiwa na mtu.

"Mimi sikungoja unitoe, Baba."

"Najua, mwanangu. Ulijitoa mwenyewe, na mimi mlango nilikuwa nimeushika." Mzee aliuachia ukuta, akatembea bila kushika kitu mpaka katikati ya kiwanja, akasimama kando ya kigoda, mikono inatetemeka wazi mbele ya watu. "Kobe hawezi kujitoa." Akamgeukia kaka. "Basi saruji yako, mwanangu, utaanza kuimwaga juu yangu."

Mwashi hakungoja tafsiri. Alibeba mfuko wa kwanza begani, akaurudisha barabarani.

Kaka alirudi nyuma hatua moja, kiatu chake kikatua juu ya mchunga. Fundi Mdogo alivuta uzi mpaka ukakaza, akaufunga fundo, kisha akayainua macho.

"Kaka, ondoa mguu. Umekanyaga chakula chake."